Mwalimu Kokotoa na Kipindi cha Hadithi

Jina la Kokotoa alipewa na wanafunzi ambao sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na tangu hapo jina limekuwa likirithiwa darasa kwa darasa kama madawati. Sababu ilikuwa wazi. Kila swali la hesabu aliloandika ubaoni lilianza na neno hilo, na hata nje ya darasa lilimtoka bila kuitwa. Mtoto akimjia analia kwamba mwenzake kamnyang'anya kalamu, yeye aliinama, akamtazama usoni, akasema, "Haya, kokotoa. Kalamu ngapi, na mikono mingapi inaitaka?" Mtoto akianza kuhesabu, kilio kinamsahau.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake limechomekwa sawasawa, na kipande cha chaki hakikosekani mfukoni hata siku za mapumziko. Alizipenda hesabu kwa sababu ambayo hakuwahi kuificha: hazina maneno mengi. Yeye alizaliwa kitinda mimba katika nyumba ya wabishi. Baba, mama, kaka na dada zake walianza mjadala kwenye chai ya asubuhi wakaupeleka hadi taa zinapozimwa, na mara nyingi aliyeshinda ni mwenye koo pana. Mtoto yule mdogo alikimbilia namba kama mtu anavyokimbilia kivuli. Jibu la hesabu likipatikana limepatikana. Hakuna wa kununa, hakuna wa kugonga meza.

Mke wake alikuwa muuguzi katika kliniki ya watoto wachanga, mcheshi asiyechoka. Watoto wao walikwishajitegemea. Nyumbani walibaki wao wawili na mama mkwe, aliyekuja kutibiwa goti. Goti likapona, yeye akabaki. Mkwe na mama mkwe waliheshimiana vizuri, lakini kwa mbali kidogo, kama majirani wanaotumia ukuta mmoja. Salamu, habari za kulala, chai imeiva, basi.

Siku moja mwalimu wa lugha akaenda likizo ya uzazi. Vipindi vyake viligawanywa mezani kama chakula cha msiba, kila mtu akichukua kinachomtosha na kujifanya ameshiba. Kikabaki kimoja: kipindi cha hadithi cha darasa la sita, Ijumaa, cha mwisho kabisa, wakati watoto wameshafunga mikoba na akili zao zimetangulia nyumbani. Mwalimu mkuu, mama mfupi mwenye sauti ya upole na uamuzi wa chuma, akamtazama Kokotoa.

"Mama Mkuu, mimi na hadithi tumekutana wapi?" akauliza.

"Mtakutana Ijumaa," alijibu, akafunga faili lake.

Ijumaa ya kwanza alisoma hadithi kutoka kitabu cha shule, polepole, akitamka kila nukta kana kwamba nayo ni neno. Alipofika mwisho akauliza lile swali lililochapishwa chini ya ukurasa: "Je, hadithi hii inatufundisha nini?"

Darasa zima likajibu kwa mkupuo, "Inatufundisha tusiwe na tamaa."

Vizuri. Hadithi ilikuwa ya fisi, na fisi kweli alikuwa na tamaa. Ijumaa iliyofuata akasoma ya mbuzi aliyemwokoa kobe kwenye tope. Inatufundisha nini? Inatufundisha tusiwe na tamaa. Akakunja uso. Akatafuta tamaa ndani ya hadithi ile, juu, chini, kwenye tope lenyewe, hakuiona. Basi akafunga kitabu akasema, "Nisikilizeni tena. Palikuwa na mtu. Akachukua ndoo akaenda kuchota maji. Akayakuta, akachota, akarudi nyumbani. Mwisho. Inatufundisha nini?"

"Inatufundisha tusiwe na tamaa."

Kokotoa alicheka mpaka akavua miwani, na watoto, ambao hawakuwa wamewahi kumwona akicheka hivyo, wakacheka naye bila kujua kilichochekesha. Lakini njiani kwenda nyumbani kicheko kilimgeukia. Aliona ni kama mwanafunzi anayeandika saba kwenye kila swali la mtihani kwa sababu siku moja saba ilipata vema. Watoto hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza tu kwamba hadithi ni mlango wenye ufunguo mmoja, na ufunguo wanao, ya nini kuchungulia ndani?

Jioni ile alimsimulia mke wake, ambaye alicheka hadi akaegemea kabati. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele, sinia mapajani. Hakucheka. "Hadithi za vitabu hizo," alisema. "Zimechemshwa mpaka zimeisha ladha. Mkwe, vuta kigoda hapo nikupe ya kwetu."

Kwa mara ya kwanza tangu goti lipone, Kokotoa aliketi karibu na mama mkwe wake kwa muda mrefu kuliko kikombe cha chai.

Hadithi ilikuwa hivi. Mwanamke mmoja alipata habari kwamba ndugu yake wa mbali ni mgonjwa. Akafunga safari, na kuku wake mmoja, tetea mwekundu, akamwacha kwa jirani. Safari ikarefuka. Kule kwa jirani kuku akataga, akaatamia, akaangua. Jirani akawalisha vifaranga kwa pumba zake, akamfukuza mwewe kwa fimbo yake, na mvua zikinyesha alikuwa anawaingiza ndani chini ya kitanda chake. Hatimaye mwenye kuku akarudi. Akamkuta kuku wake amenenepa, na nyuma yake msururu wa vifaranga. Akasema, "Jirani, ahsante kwa kunitunzia kuku wangu na vifaranga vyangu." Jirani akasema, "Kuku wako huyu hapa. Vifaranga ni vyangu." Wakaenda kwa mzee wa mtaa, na mzee akaamua vyote ni vya mwenye kuku, maana mayai yalitoka kwenye tumbo la mali yake. Jirani akarudi nyumbani kwake akafagia manyoya.

"Imeisha," alisema mama mkwe, akapuliza makapi.

Ijumaa Kokotoa aliingia darasani bila kitabu. Akawasimulia. Hakuwa msimulizi, alipofika kwenye mayai hakuweza kujizuia, akachora jedwali ubaoni la mayai yaliyotagwa na yaliyoviza. Jedwali likala dakika. Alikuwa ndiyo kwanza amefika jirani anaposema vifaranga ni vyangu, kengele ikalia.

Kwa kawaida kengele ya Ijumaa ilikuwa kama kufungua zizi. Safari hii hakuna aliyenyanyuka.

"Vikawa vya nani, Mwalimu?" aliuliza mtoto wa muuza nyama, aliyeitwa Wakili kwa sababu alikuwa anabishana hata na saa ya ukutani.

"Wa nyumbani waende nyumbani. Tutamaliza wiki ijayo."

Wakatoka, lakini wakatoka wanabishana. Kokotoa aliwaona kupitia dirishani wakiwa wamesimama getini makundi makundi, mikono inapepea. Mmoja alisema kuku ni kuku na mwenyewe ni mwenyewe. Mwingine akapaza sauti kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wakili akawaongezea swali: jogoo alikuwa wa nani?

Jumatatu asubuhi, kabla hajaweka mkoba chini, aliitwa ofisini. Mama Mkuu alikuwa ameketi na muuza nyama mwenyewe, aproni bado ameivaa, mikono magotini.

"Mwalimu, huyu mzazi ana neno na wewe," alisema Mama Mkuu.

Maneno, akawaza Kokotoa. Nilijua yataleta maneno.

Muuza nyama akakohoa. "Mwalimu wangu, mimi sikuja kwa ubaya. Ila toka Ijumaa nyumbani hapakaliki. Mtoto ananiuliza vifaranga ni vya nani. Nikamwambia ni vya mwenye kuku. Mama yake akasema, ndiyo maana ulimdai dada yako ile baiskeli yako mbovu aliyoitengeneza mwenyewe. Haya, sasa baiskeli imetoka wapi? Tumegombania hiyo baiskeli Jumamosi yote. Jana nimekwenda kwa dada."

"Kufanya nini?" aliuliza Kokotoa kwa wasiwasi.

"Kumwachia baiskeli." Akajifuta uso. "Amenipa chai. Hatujanywa chai pamoja muda mrefu sana. Sasa nilichokuja kuuliza ni hiki, maana watu wananisubiri buchani. Vifaranga vilikuwa vya nani?"

Mama Mkuu aligeukia dirisha, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Wiki ile Kokotoa alipata taabu ambayo hajawahi kuipata kwa hesabu yoyote. Mwisho wa hadithi alikuwa nao. Ulikuwa mfupi, ulikuwa wazi, alipewa na mama mkwe bure. Angeutoa na kesi ikaisha. Lakini kila alipofikiria kuwaambia watoto "mzee wa mtaa akaamua," alisikia darasa likijibu kwa mkupuo. Alimweleza mke wake. Naye, huku anapiga pasi gauni lake la kazi, akasema, "Baba watoto, wewe unaogopa watu wakibishana. Lakini si kila ubishi ni ule wa nyumbani kwenu. Kule kwenu watu walikuwa wanasema, hakuna anayesikiliza."

Neno lile lilimkaa. Ijumaa ilipofika aliweka kanuni moja tu, kwa sababu bila kanuni hakujua kusimama: atakayetaka kusema lazima kwanza arudie alichosema mwenzake, mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Wakili alipinga kanuni hiyo papo hapo, akaambiwa kwanza airudie. Alipomaliza kuirudia alikuta hana tena la kuipinga, akaketi.

Kipindi kikaenda kama mto uliopata njia. Walisema juu ya pumba, nani alizinunua. Walisema juu ya ahadi: je, walipoachiana kuku walikubaliana nini? Msichana mmoja alisema mama yake hupenda kusema "nitunzie" wakati maana yake ni "nifanyie kazi yangu." Mvulana mwingine akasema kama jirani alipenda vifaranga kweli, asingewadai, angeomba kuja kuwatazama. Kokotoa alisimama karibu na ubao na chaki mkononi, hakuandika chochote. Kila baada ya muda alisema tu, "Kwa nini?" na kushangaa kwamba neno dogo vile linaweza kuvuta kamba ndefu hivyo.

Nyuma kabisa, karibu na dirisha lililozibwa kwa boksi, alikaa binti waliyemwita Bi Kimya. Alifanya hesabu zake vizuri, mwandiko safi, na sauti yake walimu wengi hawakuijua. Mkono wake ulipanda kidogo, ukashuka, ukapanda tena.

"Ndiyo, mwanangu," alisema Kokotoa.

"Mwalimu, mbona hakuna aliyemuuliza kuku?"

Darasa likaangua kicheko. Wakili akaiga sauti ya tetea. Kokotoa hakuwanyamazisha. Alifanya kile alichozoea kufanya mwanafunzi anapokwama katikati ya swali refu: alingoja, uso wake umetulia, macho kwa yule binti, kama mtu mwenye siku nzima. Kicheko kikaona haya, kikaisha chenyewe.

"Endelea," alisema.

"Wote wanasema wangu, wangu. Huyu anasema nilimnunua, huyu anasema nilimlisha. Lakini anayejua wapi ni kwake ni kuku na watoto wake." Alikuwa anaitazama meza. "Mimi nalelewa na mama mdogo. Mama anafanya kazi mbali. Akija, wanakaa sebuleni wanasema juu yangu, nihame, nisihame, nani kanunua viatu. Mimi nipo jikoni nasikia. Wananiuliza kama nimekula. Hilo lingine hawaniulizi."

Msichana aliyeketi jirani naye alimsogezea bega.

Kwenye hesabu Kokotoa angejua hatua inayofuata. Hapa hakuijua, kwa hiyo aliuliza kile ambacho kwa kweli alitaka kukijua. "Wangekuuliza, ungejibu nini?"

Binti akafikiri. Alifikiri sana, na darasa likamngoja, hata Wakili.

"Bado sijui," alisema. "Ila ningependa kuulizwa."

Kengele ilipolia walitoka taratibu. Wakili alibaki nyuma kidogo, akapita karibu na dawati la Bi Kimya, akasema, "Ile sauti ya kuku, nilikuwa natania tu." Binti akasema anajua, na kwamba hata hivyo haikufanana na kuku.

Mwanzoni mwa wiki alikuja mama mdogo wa binti, msusi mwenye kibanda karibu na kituo cha basi, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zake. Alimkuta Kokotoa kwenye chumba cha walimu anasahihisha. Kokotoa akasimama haraka, akamvutia kiti, akajiandaa kuomba radhi kwa kuingilia mambo ya nyumba za watu.

"Mwalimu," alisema msusi, "mlimwambia nini mtoto wangu?"

"Dada yangu, hatukumwambia. Yeye ndiye aliyetuambia."

Msusi akachomoa kitana akakishika. "Mimi na dada yangu tumegombana juu ya yule mtoto mpaka tumechoka. Kila mmoja anadhani anampenda zaidi. Jumamosi, tuko kwenye simu, sauti juu, akatoka jikoni akasimama katikati ya sebule. Akasema, naomba na mimi niulizwe. Mwalimu, nilitaka kumkemea. Badala yake nikaisogeza simu kwake. Dada yangu naye kule alikuwa kasikia. Tukamuuliza."

"Akasemaje?"

"Kwanza akasema anataka siku mbili za kufikiri." Msusi akatabasamu kwa mshangao, kana kwamba bado anamwona. "Jana kajibu. Anataka amalize shule ya msingi hapa, na likizo zote aende kwa mama yake, siyo mama yake ndiye aje. Anataka akaone anapofanya kazi, akaone kitanda chake. Basi. Sisi tumehangaika miaka, kumbe mtoto anataka kuona kitanda cha mama yake." Akainuka. "Nilikuja kusema ahsante. Na nywele za mkeo nitasuka bure akija, mwambie."

Kokotoa alifika nyumbani jioni ile akiwa mwepesi, akamsimulia mke wake yote, na kwa bahati mbaya akasimulia mbele ya mama mkwe. Mama mkwe akaweka chini sinia.

"Ngoja kwanza, mkwe. Hukuwapa mwisho?"

"Hapana, Mama."

"Hadithi yangu umeiacha mlangoni, haijaingia wala haijatoka?"

"Mama, walikuwa wanafikiri."

"Kufikiri ni baada ya mwisho. Mgeni anakaribishwa, anakula, ndiyo anaulizwa habari." Alikuwa amekasirika kweli. Siku nzima iliyofuata salamu zake zilikuwa fupi kama risiti. Jioni akatoa hukumu: Ijumaa atakwenda mwenyewe shuleni kuimaliza hadithi yake ipasavyo, kwa sababu yeye hajafundishwa kuacha kazi katikati.

Mama Mkuu akaruhusu, akaja hata kuketi nyuma ya darasa. Mama mkwe alivaa kitenge chake kizuri, akaletewa kiti, akasimulia tangu mwanzo. Lo, hapo ndipo Kokotoa alipojua hadithi ni kitu gani. Mwewe aliposhuka, watoto waliinama. Hakukuwa na jedwali. Akafika kwa mzee wa mtaa, akatoa hukumu kwa sauti nzito, akakunja mikono. "Imeisha."

Mkono wa Wakili ulikuwa juu kabla neno halijatua. "Bibi, umesema vyote ni vya mwenye kuku kwa sababu mayai yalitoka kwenye mali yake. Nimesema sawasawa?"

"Sawasawa," alisema mama mkwe, akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Sasa huyo mzee wa mtaa, alikuwa anakaa karibu na nani?"

Mama mkwe akakunjua mikono. "Hilo sikuambiwa."

Na mikono mingine ikapanda. Kwa nini jirani alikwenda kwa mzee kama alijua atashindwa? Baada ya hapo waliendelea kusalimiana? Bi Kimya akauliza, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye ubao, kama Bibi mwenyewe aliwahi kuachiwa kitu cha kutunza. Mama mkwe akaanza kuwaeleza juu ya mdogo wake wa kiume, aliyeachiwa akiwa bado ananyonya, jinsi alivyombeba mgongoni mpaka mgongo ukamzoea, na siku mtoto alipokuja kuchukuliwa. Hakuna aliyeuliza hiyo inatufundisha nini. Mke wa Kokotoa alipoambiwa baadaye alisema hajawahi kuisikia habari ile, yeye binti wa kumzaa.

Mwalimu wa lugha aliporudi kutoka likizo, mtoto wake mnene na mwenye afya, alikuta kipindi chake cha Ijumaa kina wenyewe. Hakugombana. Wakakubaliana wagawane: wiki moja yake, wiki moja ya Kokotoa. Kwenye hesabu nako mambo yalibadilika, na siyo yote kwa raha ya Kokotoa, kwa kuwa sasa watoto walimuuliza kwa nini, na mara mbili tatu ilimbidi aende nyumbani kutafuta jibu. Alinung'unika kwa mke wake kwamba darasa la sita linamchosha. Mke akamwambia kwamba mtu aliyechoka hapigi mluzi anapojaza chaki mfukoni.

Siku ile mama mkwe alipoimaliza hadithi yake shuleni, yeye na Kokotoa walirudi kwa miguu, polepole kwa ajili ya goti. Walipovuka barabara, mama mkwe alimgeukia.

"Watoto wale hawana adabu," alisema.

"Nitawaambia, Mama."

"Usiwaambie." Akatembea hatua kadhaa. "Yule wa muuza nyama, swali lake la mzee wa mtaa. Unadhani alikuwa anakaa karibu na nani?"

Kokotoa akafikiri, akasema maoni yake. Mama mkwe akayarudia kwanza, neno kwa neno, mpaka mkwe akakubali kwamba ndivyo alivyosema. Kisha akampinga, na wakabishana hadi nyumbani.